Kuchagua Mashine, Pedi na Kampaundi kwa Kazi ya Polishi ya Hatua Nyingi

Gari jeusi linaloshwa kila siku kwa kitambaa kimoja na ndoo moja ya maji huonekana zuri likiwa kivulini. Ukilitoa nje saa nne asubuhi, jua likapiga boneti kwa ubavu, ndipo utakapoona mistari myembamba mamia kwa mamia, imeuzunguka mng'ao wa jua mithili ya utando wa buibui. Hiyo ni mikwaruzo halisi, wala haiondolewi na nta au shampuu ya bei yoyote. Huondolewa kwa kuula uso wa rangi kidogo kidogo mpaka ufikie kina cha mkwaruzo wenyewe, na kwa kuwa kitu chenye makali ya kutosha kuula uso huo nacho huacha alama zake, kazi hugawanywa katika hatua: ya kwanza hukata kwa kampaundi, yaani dawa nzito yenye chembe kali, ya pili hufuta ukungu ulioachwa na ya kwanza kwa polishi, ambayo chembe zake ni laini zaidi, na ya tatu, ikihitajika, huleta mng'ao. Kila hatua baada ya ile ya kwanza ipo kwa ajili ya kufuta alama za iliyotangulia, na ndiyo maana namshauri anayeanza achague vifaa kutoka mwisho kwenda mwanzo: kwanza vile vya kumalizia, kisha vile vyepesi kabisa vya kukata vitakavyotosha kwa rangi ya gari lake.

Kabla ya kufikiria mashine, nunua au azima kifaa cha kupimia unene wa rangi. Klia ya kiwandani, yaani tabaka la juu kabisa linaloonyesha kama kioo, kwa kawaida ina unene wa maikroni 35 hadi 50 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambao ni mwembamba kuliko unywele wa kichwani, na rangi yote kwa jumla, kuanzia praima hadi klia, mara nyingi huwa kati ya maikroni 100 na 150. Kifaa husoma jumla hiyo tu. Hakikuambii klia imebaki kiasi gani. Hata hivyo ukipima mlango mmoja mahali pengi na kuulinganisha na mlango wa upande wa pili, utapata habari za kutosha. Magari mengi tunayoyaendesha Dar es Salaam na Mombasa yamekuja yakiwa yametumika Japani, na mnunuzi hana njia nyingine ya kujua kama fenda ya kushoto iliwahi kupakwa upya. Ukisoma 250 mahali ambapo pengine pote pana 120, hapo pamepakwa rangi mara ya pili. Ukisoma zaidi ya 500, kuna uwezekano mkubwa chini yake pana puti ya kujazia mabonde. Na ukisoma chini ya 90, achana na hatua ya kukata, fanya ya kumalizia peke yake. Hakikisha kifaa unachonunua kinasoma chuma na alumini pia, maana boneti za baadhi ya magari ni za alumini. Bampa za plastiki hazipimiki kwa vifaa vya kawaida, kwa hiyo zichukulie kuwa na rangi nyembamba na uziguse kwa upole.

Jambo la pili la kujua ni aina ya rangi. Si kila gari lina klia. Rangi nyeupe ya Toyota yenye namba 040, iliyozoeleka sana kwenye magari ya kazi, mara nyingi ni rangi ya tabaka moja. Ukiipiga polishi, pedi, yaani kipande cha sponji au sufu kinachobandikwa kwenye mashine, hugeuka nyeupe, na fundi asiyejua hushtuka akidhani ametoboa klia. Jaribu kwanza kwa mkono: weka tone la polishi kwenye kitambaa chenye rangi tofauti na ya gari, sugua sehemu iliyojificha, na utazame kama kitambaa kimechukua rangi. Ugumu nao hutofautiana. Mercedes-Benz walianza kutumia klia yenye chembe ndogo mno za aina ya kauri mwishoni mwa 2003, na klia ya namna hiyo hubishana na pedi kwa muda mrefu, ilhali rangi nyingi za Kijapani, hasa nyeusi, ni laini kiasi kwamba kitambaa kikavu tu huacha mstari. Kwenye rangi laini kukata si kazi. Kazi ni kumaliza bila kuacha ukungu.

Sasa mashine. Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza huzungusha pedi kwenye kitovu kimoja, kama grainda. Hukata kwa nguvu na kwa haraka, lakini joto hukusanyika mahali pamoja, na mkono usio na mazoezi huacha mawimbi ya mwanga yanayoitwa hologramu. Ya pili huzungusha pedi huku ikiiyumbisha nje ya kitovu, na mafundi wengi huiita DA (kifupi cha Kiingereza "dual action", mwendo wa aina mbili). Upana wa kuyumba huko hutajwa kwa milimita: 8 au 9 kwa mashine ndogo za kawaida, 15 na 21 kwa mashine kubwa, kama zile za Rupes ya Italia ambazo majina yake, LHR 15 na LHR 21, hubeba namba hizo. Kadiri upana unavyoongezeka ndivyo mashine inavyofunika eneo kubwa zaidi na kumaliza kwa ulaini zaidi, lakini kwenye mikunjo ya milango na karibu na taa huwa ngumu kuituliza. Kwa mtu anayenunua mashine moja tu, ningechagua DA ya milimita 15 yenye sahani ya kubandikia pedi ya inchi 5, kisha baadaye aongeze ndogo ya inchi 3 kwa ajili ya nguzo, bampa na maeneo ya vitasa.

Mashine ya mzunguko mmoja nimeitumia, na naikumbuka kwa huzuni. Nilikuwa nikikata mlango wa gari la kijivu kwa pedi ya sufu, nikapita juu ya ukingo ule mkali unaokatiza katikati ya mlango. Ilikuwa sekunde mbili, labda tatu. Nilipofuta kampaundi niliona mstari hafifu usiong'aa, upana wa ukucha, na mpaka wake ulikuwa mweupe kidogo: klia ilikuwa imekwisha hapo, na mlango mzima ulihitaji kupakwa upya kwa gharama yangu. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba kuliko kwenye bapa, na nguvu yote ya pedi hutua kwenye mstari mmoja. Tangu siku hiyo tepu ya karatasi ya mafundi rangi imo kwenye orodha yangu ya vifaa vya lazima, na kila ukingo hufunikwa kabla mashine haijawashwa.

Angalia pia umeme. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, lakini kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika kuna mashine nzuri za kutoka Japani zinazotaka volti 100, na za Marekani zinazotaka 120. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua, na transfoma ya kuibeba kazini ni mzigo na gharama. Mashine za betri huepusha tatizo la kukatika kwa umeme, ila uhesabu bei ya betri tatu au nne, kwa sababu hatua ya kukata humaliza betri haraka.

Watu hutumia fedha nyingi kwenye chupa na kidogo kwenye pedi, nami naona ingekuwa kinyume chake, kwani kampaundi ileile hubadilika tabia kabisa inapohamishwa kutoka sufu kwenda sponji laini. Sufu hukata zaidi na huwa na joto dogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nyuzi zake hupitisha hewa. Pedi ya maikrofaiba hukata vizuri kwenye DA lakini huziba upesi na hupenda kuacha ukungu kwenye rangi laini. Sponji ngumu hukata kwa wastani, na sponji laini humaliza. Tahadhari moja inahitaji kusemwa wazi: rangi za sponji hazina maana moja kwa watengenezaji wote. Sponji ya bluu ya Rupes ndiyo ya kukata, ilhali ya bluu kwenye baadhi ya aina za pedi za Lake Country ni ya kumalizia. Aliyezoea moja akanunua nyingine kwa kufuata rangi ataharibu kazi yake mwenyewe. Soma maandishi ya mtengenezaji, bonyeza sponji kwa kidole, na uamini ugumu wake kuliko rangi yake. Idadi nayo ni muhimu. Kwa gari moja dogo andaa pedi nne hadi sita za kukata na tatu za kumalizia, kwa maana pedi iliyoloa na kujaa masalia ya rangi haikati tena, huchoma tu.

Kwenye kampaundi, elewa kwamba chembe zake ni za aina mbili. Nyingine huvunjika na kuwa ndogo kadiri unavyozifanyia kazi, kwa hiyo ukiacha mapema utaacha mikwaruzo yake. Nyingine hubaki na ukubwa uleule mwanzo hadi mwisho, kama zile za Meguiar's M105 na M205, na hapo unaacha pale alama inapotoka. Chagua jozi ya kukata na kumalizia kutoka kwa mtengenezaji mmoja: M105 na M205, au Menzerna 400 na 3800, au zile za 3M ambazo hutofautishwa kwa rangi za vifuniko. Jozi ya namna hiyo imetengenezwa kwa kufuatana, na ukipata tatizo utajua limetoka wapi. Jiepushe na chupa inayoahidi kukata, kung'arisha na kulinda kwa hatua moja. Nyingi kati ya hizo zina mafuta na vijazio vinavyoziba mikwaruzo, na baada ya kuoshwa mara chache mistari ile hurudi kama haikuguswa.

Hukumu ya mwisho hutolewa na gari lenyewe. Osha gari, pitisha udongo wa kuondolea uchafu ulioganda mpaka kiganja kiteleze, kisha weka alama ya mraba wa sentimita 40 kwa 40 kwenye boneti iliyopoa, kivulini. Anza na sponji laini na polishi ya kumalizia. Weka matone manne ya ukubwa wa punje ya mbaazi, sambaza kwa mwendo wa taratibu, ongeza mwendo hadi wa kati, kisha pita mara nne, wima na mlalo, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Futa. Mimina spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tano, kwenye chupa ya kupulizia, pulizia na ufute tena ili mafuta yasikudanganye. Kama mistari imebaki, badilisha pedi kwanza na uache polishi ileile. Ikibaki bado, ndipo upande kwenye kampaundi. Mchanganyiko wa kwanza utakaofaulu ndio utakaoutumia gari zima, na vilivyo vikali zaidi ya hapo utakuwa umeokoa fedha yake. Kagua kwa tochi yenye mwanga mkali wa nukta moja, kwa sababu taa ndefu za dari huficha mikwaruzo, halafu usogeze gari juani kwa dakika moja kabla ya kuamini.

Kwa kufutia, vitambaa vya maikrofaiba vya gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba, visivyo na upindo mgumu pembeni, vinatosha, na viwe vingi. Kanga kuukuu na fulana, hata zikiwa za pamba safi, huacha mistari kwenye rangi nyeusi, na kitambaa kilichoanguka chini kisirudi kwenye gari siku hiyo.

Pedi zioshwe siku ileile ya kazi, kabla kampaundi haijakauka ndani, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali. Zikamuliwe kwa kiganja bila kusokotwa, zianikwe kivulini uso wa sponji ukitazama chini ili maji yasielekee kwenye velkro, kwa sababu gundi inayoishikilia hulegea kwa unyevu na joto, na pedi inayobanduka mashine ikiwa kwenye mwendo kasi huiacha sahani tupu ikisaga rangi.