Umeme wa Vyombo vya Bendi Katika Kumbi Ndogo za Mtwara na Lindi

Fedha za korosho zinapoanza kuingia mikononi mwa wakulima, kuanzia mwezi wa kumi hivi hadi kuelekea mwaka mpya, bendi za kusini huwa safarini karibu kila mwisho wa wiki: leo Masasi, kesho Newala au Tandahimba, wiki ijayo Ruangwa na Nachingwea, kisha kurudi pwani Mikindani au Kilwa Masoko. Kumbi nyingi zinazozipokea ni baa zenye ua, kumbi ndogo za harusi na mabanda ya makuti ambayo nyaya zake zilitandazwa kwa ajili ya taa chache, feni na friji la soda. Fundi mitambo anayechomeka vyombo kwenye soketi yoyote iliyo karibu na jukwaa anauamini waya asioujua umri wake wala aliyeufunga. Umeme wa ukumbi mdogo ni wa kupimwa kwanza, na bendi nzima ichukue umeme huo kutoka sehemu moja iliyochaguliwa kwa makusudi.

Fika mchana, kabla wateja hawajaanza kuingia, na uanze na mwenyeji. Salamu njema na swali la wazi hukuonyesha mengi ambayo mita haiwezi kukuonyesha. “Shikamoo mama. Naomba unionyeshe bodi ya umeme, na unieleze friji na kabati la kupashia kuku vinatumia laini ipi.” Akikujibu, “Marahaba mwanangu, friji na soketi za jukwaani ni swichi moja, ndiyo maana wakija wapiga muziki huwa inakata,” amekwisha kukuambia kwamba soketi za jukwaani si zako usiku huo. Muulize pia uniti zilizobaki kwenye LUKU. Uniti moja ni kilowati moja inayotumika kwa saa moja, hivyo bendi inayokula wastani wa kilowati 2 kwa saa 6 itamaliza uniti 12, mbali na za friji na taa za ukumbi. Jambo hilo lizungumzwe mapema, na anayezilipia ajulikane.

Kwenye bodi, angalia kila breka imeandikwa ampea ngapi na inalisha nini. Njia rahisi ni kuchomeka taa kwenye soketi unayoitaka, kisha kuzima breka moja baada ya nyingine, kwa ruhusa ya mwenyeji, hadi taa izimike. Ukikuta alama nyeusi za kuungua, harufu ya plastiki iliyoungua, au fyuzi iliyoondolewa na mahali pake kuwekwa kipande cha waya, usiendelee na sehemu hiyo. Usifungue mfuniko wa bodi mwenyewe, kwa maana kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na mwenye ukumbi ndiye anayepaswa kumwita.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote kinahitaji vitu viwili tu: kipima volti cha kuchomeka kwenye soketi na pasi ya umeme. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na mtetemo wa hezi 50. Soma volti pasi ikiwa haijawashwa, na tuseme umepata 228, namba ambayo ingemridhisha mtu yeyote. Sasa washa pasi ya wati 1,000 kwenye laini ileile, uiweke kwenye moto wa juu, na usome tena kabla haijajizima kwa kufikia joto lake. Volti zikibaki 225, laini hiyo ina nguvu. Zikishuka hadi 216, pasi moja imekula volti 12, na bendi itakayovuta mara mbili ya pasi hiyo itakula kama 24, ikusogeze hadi 204. Hapo umekwisha pita chini ya 207, ambayo ni asilimia 10 pungufu ya 230, na vyombo vingine huanza kukatika sauti, kujizima na kujiwasha, au kupata joto kupita kiasi. Acha pasi ifanye kazi dakika tano, iondoe, kisha gusa sehemu ya plastiki ya plagi kwa nyuma ya vidole. Plagi yenye joto inaonyesha kwamba ndani ya soketi kuna muunganiko uliolegea, na soketi hiyo haifai kulisha bendi hata kama volti zake zinapendeza. Rudia kipimo saa mbili usiku kama ratiba inaruhusu, kwa sababu mtaa mzima ukishawasha taa na televisheni, namba ya mchana hushuka, hasa vijijini ambako nyumba nyingi zinategemea transfoma iliyo mbali.

Baada ya nguvu ya umeme, pima usalama wake. Waya wa ethi ndio unaoupa umeme uliovuja njia ya kurudi bila kupita mwilini mwa mtu, na katika majengo ya zamani unaweza kukuta soketi ya matundu matatu ambayo tundu la ethi halijaunganishwa na kitu chochote. Kipima soketi chenye taa tatu ni kidogo, hakina gharama kubwa, na kitakuonyesha kama ethi haipo au kama waya wenye umeme na nyutro, yaani waya wa kuurudisha, zimegeuzwa, ingawa hakiwezi kugundua kila kosa. Ndiyo maana napendelea kisanduku cha soketi za jukwaani kiwe na breka ya uvujaji ya miliampea 30, ile inayokata umeme mara moja unapovuja kwenda ardhini. Ni kifaa ambacho bendi inaweza kukinunua mara moja na kusafiri nacho kila mahali.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho mwimbaji yeyote anastahili kufanyiwa kabla hajasogeza midomo kwenye maiki. Vyombo vyote vikiwa vimewashwa, weka malti-mita kwenye volti za AC, gusisha ncha moja kwenye wavu wa chuma wa maiki na nyingine kwenye nyuzi za gitaa. Namba inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ukiona makumi ya volti, simamisha kila kitu, kwa maana mpiga gitaa anayeimba atakuwa ameziba pengo hilo kwa mkono na mdomo wake, na akiwa peku juu ya saruji yenye maji hatari inazidi. Tafuta chombo chenye kosa kwa kuchomoa kimoja kimoja huku ukitazama mita. Ikitokea mtu amenaswa na umeme, zima umeme kwanza ndipo umguse.

Hesabu ya mzigo si ngumu. Gawa wati kwa volti upate ampea: plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13 inaweza kubeba takribani wati 2,990 kwa volti 230. Ila usisome wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa usoni mwa spika, kwa sababu hizo ni za kilele, na muziki hauishi kileleni. Soma kibao cha nyuma, penye kiwango cha umeme ambacho chombo kinavuta. Spika nne zenye amplifaya ndani, kila moja ikivuta wastani wa wati 200, ni 800. Amplifaya ya besi 200. Mbili za gitaa 200. Monita mbili za jukwaani 300. Kinanda na miksa 100. Jumla ni wati 1,600, yaani ampea 7 hivi kwa volti 230. Vyombo vingi vya sasa hujaribu kupata wati zilezile hata volti zikishuka, hivyo kwa volti 190 bendi hiyohiyo itavuta zaidi ya ampea 8, na laini dhaifu itazidi kudhoofika. Acha nafasi ya kutosha kwa ajili ya mipigo mikubwa ya besi na ngoma: mzigo wa wastani usizidi nusu au zaidi kidogo ya uwezo wa laini. Jagi moja la kuchemshia maji linakula kama wati 2,000, kwa hiyo mtu wa jikoni anaweza kuizima bendi yako bila kujua, na hiyo ndiyo sababu ya swali ulilomuuliza mwenyeji mwanzoni.

Usitegemee ekstensheni za mtaani zenye waya mwembamba. Nunua waya wa mpira wenye nyuzi tatu, wa 2.5 (unene wa kila uzi kwa milimita za mraba), mita 30 au 50, ufungwe plagi nzuri upande mmoja na kisanduku cha soketi upande wa pili. Tofauti inaonekana kwenye hesabu: kwa umbali wa mita 50 na mzigo wa ampea 10, waya wa 1.5 unapoteza volti 12 hivi, lakini wa 2.5 unapoteza kama 7 na nusu. Ukifika, ukunjue wote hata kama jukwaa liko karibu, kwa maana waya uliobaki kwenye roli hujipasha wenyewe kwa wenyewe na unaweza kuyeyuka. Upitishe ukutani, mbali na miguu ya wachezaji na mbali na waya za sauti. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba badala ya kulala pamoja.

Miksa, amplifaya, kinanda na kompyuta vyote vichukue umeme kwenye kisanduku hicho kimoja. Vyombo vinavyotumia soketi za pande mbili tofauti za ukumbi, huku vimeunganishwa kwa waya za sauti, hutengeneza mzunguko wa ethi, na matokeo yake ni ule mvumo mzito wa hezi 50 usiokoma. Watu wengine huutibu kwa kukata pini ya ethi ya plagi. Naomba hilo lisifanyike kamwe. Mvumo unaondolewa kwa kuhamishia vyombo sehemu moja, au kwa kisanduku cha DI, kile kinachounganisha chombo na miksa, chenye swichi inayotenganisha ethi ya waya wa sauti peke yake. Taa za jukwaani zipewe laini yao, na kama zinatoa joto zikae mbali kabisa na makuti.

Kwenye kumbi zenye fezi tatu, yaani nyaya tatu tofauti zenye umeme, usigawe vyombo vya sauti kwenye fezi tofauti, maana kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Kosa baya zaidi hapo ni nyutro iliyolegea: volti za fezi moja hushuka na za nyingine hupanda kuelekea hizo 400, na vyombo huungua kwa sekunde chache. Ukiona taa za upande mmoja zimefifia huku za upande mwingine ziking'aa kupita kawaida, chomoa kila kitu papo hapo. Kilinda umeme, kile kinachowekwa kwenye mafriji, kinasaidia kwa sababu hukata volti zikizidi au zikipungua na husubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, lakini hakikisha ampea zake zinatosha kwa mzigo wako.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, kazi ya kwanza ni kuzima amplifaya na spika, kwa kuwa unaporudi huweza kuja ukirukaruka. Ukirudi, tazama kipima volti kwa dakika mbili tatu, kisha washa kinanda na miksa, na amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya zitangulie.

Jenereta ikitumika, iwe na uwezo unaozidi mzigo wako kwa theluthi moja angalau, na iwekwe nje, upande ambao upepo hauleti moshi ukumbini, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi isiyo na harufu inayoua. Iwashe bila mzigo, iache itulie, ndipo uchomeke. Usiiache ife kwa kuishiwa mafuta huku vyombo vikiwa vimewashwa, kwani volti huyumba sana inapokaribia kuzima, na usijaze petroli ikiwa inaunguruma au ingali ya moto. Kuingiza umeme wa jenereta ukumbini kupitia soketi ya ukutani ni marufuku, kwa sababu unaweza kurudi hadi kwenye nguzo na kumuua fundi anayedhani laini imezimwa. Kwenye ukumbi usio na swichi ya kubadilishia kati ya umeme wa nguzo na wa jenereta, jenereta ilishe jukwaa tu kwa waya wako.

Kwa bendi zinazopiga Mikindani, Lindi mjini na Kilwa, hewa ya chumvi hula pini na skrubu za ndani ya plagi hadi shaba igeuke kijani. Mara tu baada ya onyesho, wakati wa kukunja nyaya, gusa kila plagi iliyokwisha chomolewa, na iliyo na joto ifungwe utepe mwekundu ili siku inayofuata ifunguliwe, skrubu zikazwe, na ikiwa imeungua ibadilishwe kabla ya gari kuondoka kwenda kituo kingine.