Sauti ya kufanyia hipnosisi: mazoezi ya kuanzia

Wanaokuja kwangu hapa Lamu kujifunza hipnosisi, yaani kumtuliza mtu kwa maneno mpaka azame katika utulivu mzito, karibu wote huanza kwa kujitia sauti nene ya kukoromea, kama jini wa sinema. Iacheni hiyo. Milton Erickson, yule daktari wa akili wa Marekani aliyefariki mwaka 1980, aliugua polio akiwa na miaka 17, na uzeeni usemi wake ulikuwa umedhoofika. Watu hawakuacha kumfuata. Kinachofanya kazi ni mwendo, vituo na namna unavyomaliza sentensi, na vyote hivyo mtu hujifunza.

Hatua ya 1: Pumzi

Lala chali mkekani, weka kitabu kizito juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua mpaka kitabu kiinuke na kifua kitulie. Ukiitoa, sema "aaa" kwa usawa mmoja. Sauti ikianza kutetemeka, acha. Usikamue pumzi ya mwisho. Ukizoea, fanya ukiwa umeketi, na badala ya "aaa" hesabu moja hadi kumi. Dakika tano kila asubuhi zinatosha.

Hatua ya 2: Kimo cha sauti yako

Funga mdomo uvume "mmm", vile unavyoitikia maneno ya mtu barazani. Inapotoka bila juhudi, midomo ikitetema kidogo, hapo ndipo sauti yako ilipo. Fungua mdomo kuanzia hapo hapo: "mmm-maji", "mmm-mabega". Ukishuka chini zaidi utasikia mkwaruzo, na kikao kisijafika nusu koo limeshachoka.

Kunywa maji ya vuguvugu kabla ya kikao. Halua iache mpaka umalize, maana hunata kooni ukabaki kujikohoza. Na wewe wa muguka, yale majani ya kutafuna, unajua mwenyewe unavyokausha mdomo.

Hatua ya 3: Mwisho wa sentensi

Hapa ndipo ninapowakalisha wanafunzi muda mrefu kuliko kwingine. Kwa Kiswahili, mara nyingi swali hubebwa na sauti peke yake. "Mabega yamelegea" na "Mabega yamelegea?" maneno ni yale yale. Sasa anayeanza huwa na wasiwasi, na mwenye wasiwasi hupandisha sauti mwishoni bila kujijua. Mteja aliyefumba macho anasikia anaulizwa. Akili yake inainuka kutafuta jibu, na wengine hujibu kabisa: "Bado."

Chukua simu, jirekodi ukisema sentensi hiyo mara tatu: kwanza kama swali, pili kama habari, tatu kama habari lakini ukiivuta silabi ya pili kutoka mwisho, pale mkazo unapokaa: "yamelegeeea". Ile "a" ya mwisho iache ishuke yenyewe, usiikate. Usijisikilize papo hapo. Subiri hadi kesho. Kisha mpe mtu wa nyumbani asikilize akuambie lipi swali na ipi habari. Akisita, rudia. Kila sentensi ya kutuliza ipite kwenye mtihani huu kabla hujamkalisha mtu mbele yako.

Hatua ya 4: Mwendo

Usianze polepole. Anza kwa kasi ile ile mliyojuliana nayo hali, halafu punguza kidogo kidogo. Mwombe mteja aweke mkono juu ya tumbo, nawe uutazame mkono huo. Aliyevaa buibui huwezi kumwona anavyopumua, na kumkodolea kifua si adabu. Mkono ukipanda, nyamaza. Ukishuka, sema: "Kadiri unavyopumua..." Subiri. "...ndivyo mwili unavyozidi kutulia." Kituo ni pumzi yake, si yako. Mwanzoni kimya hicho kitakutisha na utatamani kukijaza. Usikijaze.

Kwa mtu mzima, sauti ya chini yenye amri hugeuka ukosefu wa heshima. Usimwambie "Fumba macho!" Sema, "Mama, ukiwa tayari, waweza kufumba macho." Binafsi hata vijana nasema nao hivyo, na hulegea upesi zaidi.

Hatua ya 5: Chumba

Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na sauti hugonga ikarudi. Tandika zulia, shusha mapazia, keti karibu ili usihitaji kupaza. Kelele za nje hazikwepeki: punda, mashine za boti, watoto wa madrasa wakitoka. Punda akilia usishindane naye, nyamaza amalize, kisha sema, "Na sauti zozote za nje... zinapita tu." Adhana ni jambo jingine. Panga kikao kiishe kabla yake, wala usiitumie kumzamisha mtu katika utulivu. Adhana haichezewi.

Anayekuambia husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usimfanyie hipnosisi. Mwelekeze kwa daktari wa akili.

Hatua ya 6: Kuamsha

Ukimwamsha mtu kwa sauti ile ile uliyomtulizia, ataondoka na uzito kichwani. Hesabu moja hadi tano, kila namba ipande na iende kasi kuliko iliyotangulia. Ya tano iwe sauti ya kawaida ya mchana. Mwite kwa jina, umuulize, na safari hii pandisha mwisho kabisa: "Umeamka?" Mpe maji, mzungumze mambo mengine kidogo. Asiinuke mpaka akujibu kwa sauti yake ya siku zote, hasa kama mko ghorofani: ngazi za nyumba za Lamu zimesimama wima, na nyingi hazina pa kushika.