Motere ikikosa silinda moja, hamisha bobini kwanza

Kifaa cha kupima gari kikisoma P0303 (kodi ya kosa: silinda ya 3 haiwaki vizuri), usikimbilie kununua bobini, yaani koili inayoipa bujii (plagi ya cheche) umeme. Zima motere, peleka bobini ya silinda ya 3 kwenye ya 2 na ya 2 kwenye ya 3, futa kodi ya kosa kwa kifaa, endesha kidogo. Ikirudi P0302 (kosa limehamia silinda ya 2), bobini imekufa. Ikibaki P0303, fanya vilevile kwa bujii, halafu injekta (kinyunyizio cha esansi).

Kabla ya kufungua bujii, puliza shimo lake kwa kompresa. Vumbi la mawe ya volkano hapa Goma likidondokea kwenye silinda hukwangua kuta zake. Ukikuta oili shimoni, raba za kifuniko cha valvu zimechoka. Zibadilishe, la sivyo hata bobini mpya itaharibika. Bujii za kawaida za motere ya Toyota 1NZ hutaka uwazi wa takriban milimita 1.1 kwenye ncha inaporuka cheche. Ukizidi, cheche hushindwa, hasa gari likipanda na mzigo.

Vyote vizima? Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Tuko karibu mita 1,500, kwa hiyo namba hushuka kama asilimia 15 chini ya zile za kitabu cha gari. Linganisha silinda kwa silinda. Na taa ya motere ikipepesa, usiendelee na safari: esansi isiyoungua huunguza katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi).