Kuchagua hitisinki na feni za kompyuta ya mezani kwa joto la Tanga

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kompyuta ya mezani hapa Tanga, iwe ya dukani, ya studio au ya nyumbani, ambayo feni yake inavuma kutwa na ikifika saa nane mchana inakuwa nzito. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, na nyingi zinazoletwa kwa malalamiko hayo prosesa yake (chipu kuu inayofanya hesabu zote) ni nzima kabisa. Kinachozisumbua ni joto lisilopata njia ya kutoka.

Maelezo mengi yaliyopo mtandaoni yameandikwa na watu ambao chumba chao kina nyuzi 20. Chumba cha Ngamiani chenye bati juu, Februari mchana, kaskazi ikiwa imetulia, hufika nyuzi 33 na kupita. Hizo nyuzi 13 zinabadilisha uchaguzi mzima, kwa sababu hitisinki (chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa na kuvuta joto lake) na feni haziwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa ya chumba. Kazi yake ni kupunguza pengo kati ya joto la prosesa na joto la chumba. Basi tunaanzia kwenye pengo.

Hatua ya 1: Pima pengo kabla hujatoa hela

Tafuta kipimajoto cha chumba, hata kile cha bei ndogo cha kutundika ukutani. Kwenye Windows weka programu ya kusoma joto, HWiNFO au Core Temp. Kwenye Linux tumia lm-sensors. Funga kasha kama linavyofungwa siku zote, kisha ipe mashine kazi nzito kwa nusu saa. Programu ya majaribio ya Cinebench inafaa, ila kazi yako halisi inafaa zaidi: kama unahariri video za harusi, iache mashine itoe video moja ndefu mwanzo hadi mwisho. Dakika za mwisho soma joto la prosesa, soma joto la chumba, toa la pili kwenye la kwanza.

Pengo hilo halibadiliki sana hata msimu ukibadilika, na hapo ndipo faida yake ilipo. Tuseme umepima usiku wa Julai, kusi inavuma, chumba kina nyuzi 25 na prosesa 95. Pengo ni 70, na mashine inafanya kazi bila shida. Februari chumba kikiwa na 34, hesabu inakupa 104. Haitafika huko, kwa sababu prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100 na zikikikaribia hujipunguzia kasi zenyewe. Mteja anaona tu kwamba video iliyotoka haraka usiku inasuasua mchana, halafu anashauriwa kununua RAM.

Kwa Tanga mimi hulenga pengo lisilozidi 50 kwenye kazi nzito. Chumba kikiwa na 34, prosesa itakuwa na 84, na hapo kasi yake haiguswi. Zilizo tofauti ni Ryzen 7000 za soketi (kikalio cha prosesa) ya AM5: AMD imezitengeneza zipande hadi nyuzi 95 kwa makusudi pale zinapopewa kazi nzito, kwa hiyo kwa hizo angalia kama kasi inashuka, usihukumu kwa joto peke yake.

Hatua ya 2: Safisha, badilisha pesti, upime tena

Usinunue kitu kabla ya hatua hii. Zima, chomoa waya wa umeme, peleka mashine nje na uipulize kwa bloa. Shika mapanga ya feni kwa kidole wakati unapuliza. Yakiachwa yazunguke ovyo, beringi huumia, na mota inayozungushwa na upepo huzalisha umeme unaoweza kurudi kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Angalia hasa chini ya feni ya prosesa, kwenye mdomo wa mapezi ya hitisinki. Vumbi la mjini likichanganyika na unyevu wa bahari hutengeneza utando mzito kama blanketi, na feni inaweza kuzunguka kwa nguvu zote juu yake bila hewa kupita.

Kisha ing'oe hitisinki, futa pesti iliyokauka kwa kitambaa chenye spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati ya prosesa. Pesti inajaza nafasi ndogo ndogo za hewa kati ya vyuma viwili. Ukiipaka nene inageuka kizuizi.

Tahadhari kwa wenye soketi ya AM4: usiivute hitisinki ikiwa baridi. Pesti kavu hushika, na prosesa huchomoka pamoja nayo ikiwa na pini zake chini. Pini zikipinda, gharama ni yako. Washa mashine dakika kumi ipate joto, zima, chomoa umeme, halafu zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia mpaka iachie.

Pima pengo tena. Mara nyingi mambo huishia hapa na hela yako inabaki mfukoni.

Hatua ya 3: Jua soketi, wati na vipimo vya kasha

Kama pengo bado ni kubwa, sasa tunanunua. Soma jina la prosesa, tafuta soketi yake, usikadirie kwa macho. Upande wa Intel, matundu ya kufungia hitisinki kwenye LGA 775 yako umbali wa milimita 72. Kwenye LGA 1155, 1150, 1151 na 1200 ni milimita 75. Kwenye LGA 1700 ni 78. Tofauti ya milimita tatu haionekani dukani, lakini skrubu haitaingia. Upande wa AMD, AM5 hupokea hitisinki nyingi za AM4 zinazotumia bamba la nyuma linalokuja na mazabodi.

Kwenye wati uwe mwangalifu zaidi. Namba ya TDP (wati za joto zinazotajwa na kiwanda) iliyoandikwa kwenye boksi si kiwango cha juu cha umeme unaoliwa. Core i5-12400 imeandikwa wati 65, lakini Intel yenyewe inataja hadi wati 117 inapokimbia. Ryzen 5 5600 nayo imeandikwa 65 na huweza kupita hapo. Hitisinki iliyoandikwa "inatosha wati 65" imepimwa kwa hesabu za nchi za baridi. Hapa kwetu chukua inayobeba walau mara mbili ya TDP.

Chukua rula. Pima kutoka juu ya prosesa hadi kwenye mfuniko wa pembeni. Mnara, yaani hitisinki ya kusimama, wa kawaida wenye feni ya milimita 120 una urefu wa karibu milimita 155 hadi 160, na makasha membamba ya ofisi hayana nafasi hiyo. Angalia pia kama RAM ndefu zitagongana na feni.

Wenye Dell OptiPlex na HP zilizotoka maofisini, ambazo ndizo zimejaa mjini: baadhi ya matoleo yana plagi ya feni ya pini tano au sita badala ya nne, na mashine ikiwashwa bila kuiona feni yake huleta ujumbe wa hitilafu na kusimama. Kwa hizo, njia fupi ni kutafuta hitisinki na feni ya toleo kubwa zaidi la mashine hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Chagua hitisinki

Shaba nyekundu hupitisha joto karibu mara moja na robo tatu ya alumini, lakini ni nzito na ghali. Ndiyo maana hitisinki nzuri ina kitako cha shaba, mirija ya shaba na mapezi ya alumini. Ile mirija si chuma kitupu: ndani ina maji kidogo kwenye ombwe. Maji huchemka upande wa prosesa, mvuke hukimbilia kwenye mapezi, hupoa na kurudi kuwa maji, tena na tena. Kwa hiyo unapochagua, hesabu mirija. Ile bapa ya alumini inayokuja bure na prosesa haina hata mmoja.

Ushauri wangu kwa prosesa za wati 65 ni mnara wenye mirija minne na feni moja ya 120. Kwa prosesa za wati 125, mirija sita au minara miwili. Kasha likiwa fupi, chukua ile ya kulala inayopuliza kuelekea chini. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya mnara, lakini hewa yake inapoza na vipande vya umeme vilivyo kando ya prosesa.

Mifumo ya maji siipendekezi kwa kazi za kawaida. Joto lake nalo linaishia kwenye hewa ile ile ya chumba, na umeongeza pampu inayoweza kufa bila kutoa sauti. Pampu yake ukiikosa Tanga utaiagiza Dar, na huku duka limesimama.

Na jambo moja la ukanda wa pwani: karibu na bahari, kwa mfano Raskazone au Chumbageni, chumvi ya hewani hula mahali shaba tupu inapogusana na alumini tupu. Ukipata iliyopakwa nikeli, nyeupe inayong'aa, ongeza hela uichukue. Pesti za chuma cha maji zenye galiamu usiziguse kabisa kama kitako ni cha alumini, maana zinakitafuna.

Hatua ya 5: Chagua feni

Huku pwani feni ndiyo inayokufa kwanza, hitisinki hubaki. Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza ni feni iwe ya kipimo cha kawaida, 120 au 140, iliyoshikwa kwa waya au skrubu, ili siku ikifa ununue nyingine bila kubadilisha hitisinki.

Kigezo cha pili ni beringi. Feni za bei ya chini hutumia bushi iliyolowekwa mafuta. Kwenye joto mafuta hukauka na feni huanza kukwaruza, hasa ikiwa imelazwa. Beringi ya gololi huvumilia joto na hufanya kazi ikilazwa au ikisimamishwa, ila sauti yake iko juu kidogo. Zile za mafuta zilizozibwa vizuri ni tulivu na hudumu. Kwa duka lenye kelele za barabarani chagua gololi. Kwa studio ya kurekodi, chagua iliyozibwa.

Halafu namba ya CFM, yaani futi za ujazo za hewa kwa dakika. Kuna hesabu rahisi: zidisha wati zote za mashine kwa 1.76, gawa kwa nyuzi unazokubali hewa iongezeke ikipita ndani ya kasha. Mashine ya wati 200, ukikubali hewa ipande nyuzi 5 tu, inahitaji karibu 70. Mwenye chumba cha nyuzi 20 anaweza kukubali 10 akatosheka na 35. Sisi hatuna anasa hiyo. Na kwa kuwa CFM ya kwenye boksi hupimwa bila kizuizi chochote mbele ya feni, mimi huigawa kwa mbili. Kwa mfano huo, feni tatu za 50 zinakutosha.

Kwenye hitisinki na kwenye chujio la vumbi tazama pia shinikizo, kwa sababu hapo hewa inalazimishwa kupenya. Ukipunguza mzunguko wa feni kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu lakini shinikizo hushuka hadi robo.

Pini: feni ya pini nne ina waya wa kudhibiti kasi, ya pini tatu hudhibitiwa kwa kupunguza volti. Ya pini tatu huingia kwenye plagi ya pini nne bila tatizo. Plagi nyingi za mazabodi hubeba ampia 1, basi usiunganishe feni nyingi kwenye plagi moja.

Hatua ya 6: Ipe hewa njia

Hewa hutoka upande wa feni wenye kibandiko na vishikio vya mota. Mbele ziingize, nyuma na juu zitoe, na feni ya mnara ielekee nyuma. Zinazoingiza ziwe na nguvu zaidi kidogo kuliko zinazotoa, na ziwe na chujio. Hivyo vumbi halivutwi kupitia nyufa. Acha shubiri moja kati ya mgongo wa kasha na ukuta. Kompyuta iliyofungiwa ndani ya kabati la meza hurudia kuvuta hewa yake yenyewe, na hakuna feni ya kuiponya. Vitambaa vya kufuma vinavyofunika kasha viondolewe mashine inapowaka.

Kufungua mfuniko wa pembeni na kuielekezea feni ya mezani ni dawa ya siku moja kazi ikibana. Ukiacha hivyo, vumbi na mende wataingia, na mjusi akikatiza juu ya mazabodi ni hasara.

Hatua ya 7: Funga na upime

Bandua karatasi ya plastiki chini ya kitako. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya nyingine. Zile za Intel zenye vishikio vya plastiki, bonyeza mpaka zilie, kisha geuza ubao uhakikishe zote nne zimetokeza nyuma. Chomeka waya kwenye plagi iliyoandikwa CPU_FAN.

Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi yenyewe, kabla Windows haijawaka) urekebishe mpangilio wa kasi. Mipangilio ya kiwandani mara nyingi huanza kuongeza kasi mapema, na kwenye chumba cha nyuzi 33 feni hupanda na kushuka bila kazi yoyote. Iache itulie hadi nyuzi 55, ipande taratibu, ifike kasi kamili kwenye 80.

Rudia kipimo cha hatua ya 1 kwa kazi ile ile. Andika pengo jipya na tarehe kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa kasha. Pima tena kabla kaskazi haijaanza, kila Novemba: pengo likiwa limeongezeka kwa nyuzi 10, puliza vumbi, likibaki vile vile baada ya kupuliza, sikiliza beringi ya feni, kisha badilisha pesti.