Kutoka cheti hadi diploma ya uuguzi kwa mwaka mmoja: ya kumaliza kabla hujaondoka kituoni

Tangu nirudi na diploma yangu, wenzangu wa zahanati za huku Tabora hawaachi kuniuliza: "Dada, mwaka mmoja unatosha kweli?" Unatosha. Ila ni mwaka wa kusoma tu, hauna nafasi ya kutafuta karatasi. Ukifika chuoni barua ya ruhusa bado iko mezani kwa mtu, ada hujui itatoka wapi, na hesabu za dawa zilishakutoka kichwani, muhula wa kwanza utaisha unahangaika na simu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu mambo ya kufanya ukiwa bado kituoni kwako.

Tuelewane ngazi kwanza. Kwenye mfumo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, uuguzi unapanda kwa ngazi zinazoitwa NTA 4, 5 na 6. Kijana anayetoka kidato cha nne anakaa miaka mitatu hadi diploma, mwaka mmoja kwa kila ngazi. Wewe mwenye cheti cha NTA 5 umeshapita mbili, umebakiza moja. Kozi haijafupishwa kwa kukuhurumia. Mwalimu anaingia darasani akiamini ya ngazi za chini unayo, na hatarudi nyuma kukungoja. Wenye vyeti vya zamani, vya kabla ya NTA, wapeleke nakala chuoni ikaangaliwe kabla ya kujaza chochote.

Kazini tofauti iko hivi (TGHS ni ngazi za mshahara za watumishi wa afya): wa cheti ni Muuguzi, TGHS A. Wa diploma ni Afisa Muuguzi Msaidizi, TGHS B. Wa shahada ni Afisa Muuguzi, TGHS C. Wanakijiji watakuita sista au daktari vilevile, lakini mshahara unajua.

Barua mbili, si moja

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Chuo kinataka kuona mwajiri amekuruhusu. Mwajiri naye anataka kuona chuo kimekupokea. Ukikaa katikati ukisubiri mmoja aanze, mwaka unapita.

Andika barua ya kwanza mapema, kabla hata hujachagua chuo, ukiomba kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri kwa mwaka wa fedha unaokuja. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla. Kwa hiyo barua ya mwezi wa sita imechelewa. Ya pili utaandika ukishapata barua ya kupokelewa chuoni, na hiyo sasa ndiyo ya kuomba ruhusa yenyewe.

Iandike kiserikali. Anwani inakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Chini yake: K.K. (kupitia kwa) Mganga Mkuu wa Wilaya, halafu K.K. Mganga Mfawidhi wa kituo chako. Kisha "Yah: Maombi ya ruhusa ya kwenda masomoni". Ndani usihadithie ndoto zako za utotoni. Weka jina kamili, cheki namba (namba yako ya utumishi), tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kuthibitishwa kazini, kozi, chuo, inaanza lini na kuisha lini, na nani analipa ada. Ambatanisha barua ya kuthibitishwa, cheti, leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na barua ya chuo. Kama hujathibitishwa kazini, anza na hilo.

Mfawidhi ndiye mlango wa kwanza. Kama mko wawili au watatu zahanati nzima, usishangae akikunja uso. Hakuchukii, anahesabu zamu. Nenda kwake ukiwa na jibu: nani atashika kliniki ya wajawazito, nani atalala zamu ya leba, dawa na vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za huduma za kituo, unamkabidhi nani. Mimi nilikaa na mwenzangu tukapitia Kitabu Na. 6 cha wajawazito na Na. 12 cha leba mstari kwa mstari, tukaandika makabidhiano, ndipo nikaenda kuomba saini. Saini ilitoka asubuhi hiyohiyo.

Ukipeleka barua halmashauri, nenda na nakala ya ziada igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na nakala yenye mhuri ikipotea, haikuwahi kuandikwa. Na usiondoke kituoni kwa ruhusa ya mdomo, hata aliyekuambia awe mkubwa kiasi gani. Karatasi isipokuwepo, unahesabika mtoro, na mshahara ukisimama kuurudisha ni safari nyingine.

Jambo dogo linaloumiza watu: majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwajuma Ramadhani, NIDA inasema Mwajuma R. Kapama, leseni imefuata jina la mume. Linganisha herufi kwa herufi: cheti cha NECTA, cha kuzaliwa, NIDA, cha NTA 5 na leseni. Tofauti ikiwepo, shughulikia hati ya kiapo au dipoli (hati ya kubadili jina) sasa, ukiwa na utulivu wako.

Kuchagua chuo

Mikoa yetu haijanyimwa. Upande wa Tabora kuna Nkinga kule Igunga na Ndala kule Nzega. Upande wa Kigoma kuna Kabanga, Kasulu. Fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka husika, uone chuo kimesajiliwa na kozi yako imo, halafu piga simu uulize kama mwaka huo wana nafasi za walioko kazini na wanaombaje. Usimsikilize shemeji aliyesoma zamani, utaratibu wa kuomba umekuwa ukibadilika.

Mtu akikuambia chuo kizuri, muulize wanafunzi wanafanyia wapi vitendo na akina mama wangapi wanajifungua pale. Majengo mazuri hayazalishi. Wodi yenye wajawazito wachache na wanafunzi wengi itakufanya ugombee mama mmoja na vijana sita, kila mmoja na kitabu chake mkononi. Hospitali ya misheni iliyo mbali na mji inaweza kukufaa kuliko chuo cha mjini.

Malipo yote yaende kwa kontroo namba au akaunti ya chuo. Anayekutumia namba yake binafsi ya simu ili "akushikie nafasi" anashika pesa yako tu.

Pesa na nyumba

Ruhusa yenye mshahara haimaanishi halmashauri italipa ada. Mara nyingi mshahara unaendelea, ada ni yako. Kabla ya kukimbilia benki, toa hati ya mshahara uangalie kinachobaki: makato hayatakiwi kukufikisha chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, na kama una mkopo wa bati na mwingine wa pikipiki umeshafika hapo. Sipendi mkopo wa miaka saba kwa ajili ya kozi ya mwaka mmoja. SACCOS au kikoba kinatosha ukianza kuweka mapema, na vyuo vingi vinakubali ada kwa awamu. Omba ratiba ya awamu kwa maandishi.

Watoto wangu walikaa kwa mama mkwe, Isevya. Tuliongea naye mapema, mume wangu akiwepo, tukakubaliana nani anatoa hela ya mboga na ya daftari. Mengine ni ya nyumba yako, siwezi kukupangia.

Noa vitu viwili kabla ya kwenda

Cha kwanza ni Kiingereza. Kazini tunaongea Kiswahili na mama, na Kinyamwezi au Kisukuma na bibi yake aliyemsindikiza, na MTUHA nayo ni ya Kiswahili. Darasani kila kitu ni Kiingereza, pamoja na mpango wa huduma ya uuguzi unaoandikia kila mgonjwa wako. Miezi mitatu kabla ya kuondoka, kila jioni chukua mgonjwa mmoja wa siku hiyo uandike kwa Kiingereza: tatizo lake, lengo, utakachofanya, kwa nini, na utapimaje kama amepata nafuu. Mistari mitano tu. Utashangaa jinsi kipengele cha "kwa nini" kinavyokuwa kigumu kwa mtu aliyezoea kufanya.

Cha pili ni hesabu za dawa, maana kalamu inatetemeka pale. Dripu: ml 1000 ndani ya saa 8, seti inayotoa matone 20 kwa ml. Zidisha 1000 kwa 20, upate matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, upate 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Fanya kumi za namna hiyo bila simu.

Kisha magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, ambayo haikosi kuulizwa. Ampuli ina 5 g kwenye ml 10, maana yake asilimia 50. Dozi ya kwanza ya mshipani ni 4 g za asilimia 20. Basi vuta ml 8, ongeza maji ya sindano ml 12, una ml 20. Zinaingia polepole, si chini ya dakika 5. Halafu 10 g za asilimia 50 kwenye misuli, 5 g kila tako. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza hakikisha mama anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo haupungui ml 30 kwa saa. Na useme kwa sauti kwamba kalsiamu glukoneti 1 g, ya kuokoa magnesiamu ikizidi, ipo mkononi. Usipoitaja, mtahini anakukata.

Ukishafika

Logibuku, kitabu cha kurekodi kazi zako za vitendo, ndiyo roho yako. Kila ulichofanya kisainiwe siku hiyohiyo na aliyekusimamia, kabla hajabadilisha zamu. Nimeona watu wazima, wenye watoto sekondari, wanazunguka wodi wiki ya mwisho wakimbembeleza sista asaini kazi za miezi iliyopita, naye hawakumbuki. Sista ana haki ya kukataa. Chukua zamu za usiku bila kulalamika: usiku wanafunzi ni wachache, na metroni au mkunga wa zamu ana muda wa kukuonyesha kitu.

Uzoefu wako utakusaidia wodini na utakuponza kwenye OSCE, ule mtihani wa vitendo wa kuzunguka vituo kengele ikilia. Mtahini ana orodha ya hatua mbele yake na anaweka tiki. Sisi wa zahanati tuna mkono wa kazini: tunaruka kujitambulisha, tunaruka kumweleza mama tunachotaka kufanya, mikono tunanawa kwa haraka. Kijana aliyetoka shule juzi anapata alama zote hizo kwa sababu hajui njia ya mkato. Jifunze kufanya kila hatua ukiisema. Utajisikia kama unaigiza, lakini igiza.

Partogramu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, ndiyo mtihani wa heshima yetu. Sote tunazijua zile zinazojazwa mtoto akiwa tayari ananyonya. Chuoni haziponi. Utaulizwa mstari wa tahadhari na wa kuchukua hatua inaachana kwa saa ngapi (ni 4), kwa nini, na ungempa mama rufaa wakati gani. Na ukisoma mwongozo wa WHO wa 2020 utakuta uchungu kamili unahesabiwa kuanzia mlango wa kizazi ukifunguka sm 5, tofauti na 4 tulizozizoea. Soma kote kuwili, na ujibu kwa mwongozo ambao chuo chako kinatahinia.

Kaa na vijana wa kozi ndefu. Wao wana Kiingereza na fiziolojia ya jana, wewe umeshamshika mama anayetoka damu saa nane usiku taa ikiwa ya simu. Mkisoma pamoja kila mmoja anapata. Ukijitenga kwa ukubwa wa umri utafeli na ukubwa wako.

GPA, wastani wa alama zako, usiipuuze. Anayetaka shahada baadaye atakutana na mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, unaotaka diploma yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, pamoja na masharti ya masomo ya kidato cha nne, na NACTVET watampa namba ya uhakiki, AVN, ya kuombea. Shahada ya uuguzi pale Muhimbili ni miaka minne. Wauguzi waliosajiliwa wana pia njia yao fupi pale Aga Khan, Dar es Salaam, na ada yake iulize ukiwa umekaa.

Baada ya matokeo

Kupasi chuo hakujakusajili. Unaomba kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, unafanya mtihani wao, ndipo unasajiliwa kwa ngazi mpya na kupata leseni yake. Usitupe madaftari.

Kisha rudi kazini kwa barua ya kuripoti, nakala igongwe mhuri. Kubadilishiwa kada hakuji kwenyewe. Nafasi ya Afisa Muuguzi Msaidizi lazima iwe kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa, na mshahara wake uwe kwenye bajeti, kwa hiyo afisa utumishi apate cheti na leseni yako kabla halmashauri haijafunga makadirio ya mwaka unaofuata. Ukikosa dirisha hilo utafanya kazi ya diploma kwa mshahara wa cheti mwaka mwingine mzima. Cheti cha chuo kikichelewa kutoka, peleka hati ya matokeo iliyogongwa mhuri wa chuo, na uandike kwenye barua kwamba cheti kitafuata.