SOMO: Kuandaa malimbuko ya mavuno, kuanzia shambani

Bwana asifiwe, wapendwa. Kila mavuno yakianza naulizwa yaleyale, namjibu mmoja, kesho anakuja mwingine. Leo naandika mara moja, tafadhali someni mpaka mwisho.

1. Amua kabla hujavuna. Mithali 3:9 inataja malimbuko, yaani yanayotangulia. Ukisubiri mpaka deni la dukani liishe, sare za watoto zinunuliwe na magunia yafike sokoni Kibaigwa, utakachopeleka ni masalia hata kikijaa debe.

2. Chagua sehemu ya shamba iliyostawi, iwe ya mtama, uwele au karanga. Mwambie na mwenzako nyumbani.

3. Vuna sehemu hiyo kwanza.

4. Kausha na uchambue. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kuna wanaolowesha karanga ili zipukuchuke upesi. Acheni, hata kwa za kuuza! Unyevu ule unaleta ukungu, ukungu unaleta sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Sadaka ya mazao inanadiwa baada ya ibada au inapelekwa kwa wajane, kwa hiyo kuna mtu ataila. Anika juu ya turubai, jioni funika. Tikisa karanga karibu na sikio: punje ikigonga ganda, imekauka. Mtama nao upurie kwenye turubai, maana mchanga wa huku kwetu ukishaingia, utapepeta mpaka mikono ichoke. Kisha kaa na ungo, toa zilizosinyaa, zilizobunguliwa na zilizobadilika rangi. Zenye ukungu zifukie, usiwape hata kuku. Katika Malaki 1:8 Mungu anawauliza waliomletea wanyama vipofu na vilema kama wangethubutu kumpelekea liwali wao. Nawe jiulize kama karanga hizo ungemwandalia mkweo.

5. Tia kwenye chombo safi, ombeni pamoja nyumbani, peleka Jumapili.

MASWALI

Swali: Mtumishi, kwa hiyo ni madebe mangapi?
Jibu: Kumbukumbu la Torati 26 inataja kikapu, haitaji kipimo. Sehemu ya kumi ni zaka, hilo ni somo jingine.

Swali: Zilizobunguliwa si zinanadiwa tu? Nani atajua?
Jibu: Unayemtolea anajua. Rudi hatua ya 4.

Swali: Mvua ilikatika mapema, nimepata ndoo moja ya mtama. Naona aibu kupeleka kibaba.
Jibu: Pole sana, mama yangu. Usione aibu hata kidogo. 2 Wakorintho 8:12 inasema toleo hukubaliwa kwa kadiri ya alichonacho mtu, si kwa asichonacho. Pepeta vizuri hicho kibaba, upeleke. Na tafadhali mwambie mzee wa kanisa hali ya chakula hapo nyumbani. Kanisa linalopokea malimbuko lina wajibu wa kukutazama na wewe.

Swali: Mimi ni mwajiriwa pale Mtumba, sina shamba. Malimbuko yangu ni yapi?
Jibu: Swali zuri, kaka. Mshahara ukiingia, tenga siku hiyohiyo kabla hujaanza matumizi. Ila usiishie kwenye pesa. Warumi 12:1 inataka mwili wako wote. Kama unajua hesabu, jitolee kwa mhazini wa kanisa Jumamosi asubuhi ukiwa na akili timamu, siyo usiku ukiwa hoi. Maombi nayo yape saa ambayo hujachoka.

Swali: Na zabibu? Huku Mpunguzi tukichuma, Jumapili inafika zimeshalegea.
Jibu: Chuma Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Kata kikonyo kwa mkasi, usivute. Usizioshe. Panga kwenye tenga tabaka moja, weka kivulini.

Mchangiaji: Naongeza, toeni punje zilizopasuka mapema, nzi wanaanzia hapo.
Jibu: Kweli kabisa, dada, asante. Na tenga liwe limeoshwa likakauka. Lenye harufu ya siki litaziharibu usiku huohuo.