Somo: kutengeneza katalisti ya jua ya kugeuza kaboni dayoksaidi

Wadau wa kemia, hasa nyinyi wa Maseno na Egerton mnaouliza hii kitu kila mara, leo tuiweke sawa. Jua la Kisumu tunalo, kazi ni kupata katalisti, yaani poda ya kuharakisha kemia bila yenyewe kuisha, ili jua ligeuze kaboni dayoksaidi iwe kaboni monoksaidi (hapa naiita monoksaidi tu), methanoli ama methani.

Hatua 1. Amua unataka kutoa nini. Kwa pH 7 (maji yasiyo asidi wala besi), elektroni za kutoa monoksaidi zinataka msukumo wa volti -0.53, methanoli -0.38, methani -0.24, na iliyo karibu na sifuri ndio inaonekana rahisi. Usidanganyike na hiyo ya methani, inataka elektroni 8 na monoksaidi inataka 2 tu, kwa hivyo anza na monoksaidi.

Hatua 2. Chagua poda. Gawanya 1240 kwa pengo la bendi (nishati ya kuinua elektroni ndani ya poda, kwa elektroni-volti) utapata nanomita, yaani wimbi refu zaidi la mwanga ambalo poda inaweza kula. Titania ya anatesi (aina moja ya titani dayoksaidi) ina pengo la 3.2, hiyo ni kama 388, yaani inakula ultravaioleti peke yake ambayo ni kidogo sana kwa jua. Kaboni nitraidi ina 2.7, inafika kama 460, sasa hapo umeingia mwanga wa bluu. Halafu angalia bendi ya juu, pale elektroni iliyoinuliwa inakaa, iko volti ngapi, maana wengi wanapima pengo tu na wanasahau lazima iwe hasi kuliko ile volti ya hatua ya 1.

Hatua 3. Pika hiyo kaboni nitraidi. Weka yurea kwa krusibo ya kauri, funika, tanuri digrii 550 masaa kadhaa, utatoa poda ya njano. Amonia inatoka kwa wingi, fanyia kwa kabati ya kuvuta hewa, tafadhali.

Hatua 4. Ongeza metali kidogo ya kushika elektroni kabla hazijarudi kwa mashimo yake, yaani nafasi zilizoacha. Fedha inasaidia monoksaidi. Platini ndani ya maji itakupa haidrojeni zaidi.

Hatua 5. Hii ndio roho ya kazi yote na ndio watu wanaruka. Poda yenyewe ina kaboni, mabaki ya yurea yana kaboni, triethanolamini, kemikali unayoweka itoe elektroni za kujaza mashimo, ina kaboni, sasa ukiona monoksaidi utajuaje imetoka kwa gesi yako? Rudia jaribio gizani, rudia bila poda, rudia na argoni badala ya kaboni dayoksaidi, mwisho tumia kaboni dayoksaidi ya kaboni-13, kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida. Kwa spektromita ya masi (mashine ya kupima uzito wa molekuli) monoksaidi yake inasoma 29, na ile ya kawaida 28 sawa na naitrojeni ya hewa, kwa hivyo tenganisha gesi kwanza kwa kromatografia, njia ya kuzitoa moja moja. Bila hii mimi siamini matokeo ya mtu, hata yakiwa makubwa namna gani.

MASWALI

Mwanachama, Kakamega: Mwalimu, yurea ya mbolea ya agrovet si itafanya?
Jibu: Poda utapata ndugu yangu, lakini mbolea huwa na vitu vingine na hautajua ni nini kimefanya kazi. Ya kujifunzia kupika sawa, ya kupima nunua ya labu.

Mwanachama, Nakuru: Gesi ya visima vya mvuke wa ardhini vya Olkaria je, si ina kaboni dayoksaidi?
Jibu: Inayo, ila inakuja na haidrojeni salfaidi, na salfa inaua fedha na shaba. Itoe salfa kwanza.

Mwanachama, Kisumu: Naweza kutumia jua moja kwa moja badala ya taa?
Jibu: Kuonyesha watu sawa, lakini wingu likipita mwanga unabadilika na huwezi kulinganisha poda mbili. Tumia taa ya LED unayojua nguvu yake, na uzungushe maji kwa nje ya chombo kisipate joto.